Chupa ya maji darasani: nilivyowasaidia watoto wa sikoseli wabaki shuleni

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu wilayani Busia, upande wa Uganda. Shuleni tulikuwa tunakwenda kwa kazi zinazojulikana: chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana, na dawa za minyoo Aprili na Oktoba. Shule za msingi za serikali huku kwetu hazina muuguzi wao. Nikawa nawauliza walimu ni watoto gani wanaokosa masomo kila mara, na majina mengine niliyokuwa natajiwa niliyajua tayari kutoka kliniki ya sikoseli.

Ugonjwa huu wa damu wa kurithi, selimundu kwa jina la vitabuni, si wa nadra kwetu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 hadi 2015 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wadogo waliopimwa wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huu bila kuugua wenyewe, na maeneo ya kaskazini na ya mashariki ya kati ndiyo yaliyoongoza.

Nilianza na maji, kwa sababu ya msichana mmoja wa darasa la nne. Aliniambia kwamba hanywi kitu tangu asubuhi mpaka aruhusiwe kurudi nyumbani, maana akinywa atataka kutoka, na mwalimu hudhani anakwepa hesabu. Figo za mtoto mwenye sikoseli hazishiki maji vizuri. Anakojoa mara nyingi, mwili unakauka upesi, na chembe za damu zilizopinda zinakwama kwenye mishipa midogo. Hapo maumivu ya mifupa yanaanza. Kwa hiyo mtoto alikuwa anajinyima kitu kile kile kinachomkinga. Iliniuma sana.

Nilimwomba mwalimu mkuu nafasi katika kikao cha walimu. Ombi langu lilikuwa fupi: watoto hawa waruhusiwe kuwa na chupa ya maji juu ya dawati, waende chooni bila kuomba ruhusa, wavae sweta asubuhi za baridi hata kama si ya sare, na wasitumwe kubeba jerikeni kutoka kisimani. Mwalimu mmoja akasema, “Sista, nikimwachia mmoja, wote themanini watatoka.” Hofu yake ilikuwa ya haki. Jibu lilitoka kwa mwenzake wa darasa la pili: mtoto akae dawati la karibu na mlango, atoke bila kumsumbua mtu. Ndivyo tulivyofanya, na mpaka leo naona lile lilikuwa wazo bora kuliko yangu yote.

Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu nilibandika karatasi yenye dalili zisizosubiri kengele: homa, kifua kuuma au kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla na mtoto kupauka, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama mdomoni. Hapo mzazi anapigiwa simu huku bodaboda imeshaondoka na mtoto kuja kituoni.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Katika boma moja baba alishikilia kwamba ugonjwa umetoka ukoo wa mke. Nilikwenda na mama wa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijiji hicho, maana anaheshimiwa kuliko mimi mgeni. Alimwambia, “Mzee, mtoto huyu amechukua kwako na kwa mama yake pia. Mmoja wenu peke yake asingempa.” Nikaongeza kwamba wazazi wawili wanaobeba chembe hiyo ya urithi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na kwamba hakuna aliyelogwa. Alinyamaza muda mrefu. Baadaye alikuja kupimwa, tena na ndugu yake.

Mambo ya kila siku, yaani foliki asidi, chandarua, dawa ya kukinga malaria, na penisilini kwa walio chini ya miaka mitano, wazazi waliyazoea upesi. Wanaotumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, ndio wenye kazi, kwa sababu lazima damu ipimwe mara kwa mara. Tuliwaomba wazazi wachague siku moja ya kliniki ili wachangie gari la kwenda hospitali ya rufaa Mbale.

Sasa kuna mvulana wa darasa la saba atakayefanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka huu. Msimamizi wa mtihani atakuwa mtu wa nje asiyemjua, kwa hiyo barua ya kliniki nimeshaiandika, na mwalimu mkuu ameahidi kuiwasilisha mapema ili chupa na ruhusa ya choo visiwe jambo la kubishaniwa mlangoni.