Kijani kwa Kijani: Jumapili Moja Uwanja wa Taifa

Ami yangu amekuwa akienda Dar es Salaam kwa biashara ya vitenge tangu sijazaliwa. Nilipomuaga alinipa wasia mfupi: jezi ivae ndani, juu vaa shati, na bao likiingia usisimame. "Taifa si Kasarani yetu ya Nairobi," akaniambia. "Pale mgeni huomba mechi iishe salama arudi kwao."

Nilimsikia, lakini jezi nikaivaa juu. Ilikuwa Julai 2018. Tarehe 18 Gor Mahia yetu ya Kenya ilikuwa imeichapa Yanga ya Dar es Salaam 4-0 jijini Nairobi, hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na marudiano yalipangwa Jumapili tarehe 29 kwao. Mtu aliyefungwa manne hufungua mlango akiwa na jambo moyoni. Mimi na binamu yangu tulilijua hilo tukiwa bado kwenye feri ya Likoni, alfajiri ya Jumamosi, mabegi mapajani na kadi za homa ya manjano ndani ya pasipoti.

Mpakani Horohoro foleni ilikuwa fupi. Ofisa aliyenihudumia aliitazama pasipoti, akaitazama jezi, akairudia pasipoti. Yanga nao ni kijani, kijani na njano, kwa hiyo nikadhani ameniona ndugu. Akauliza, "Gor?" Nikamjibu, "Ndiyo, mkuu." Akagonga muhuri, akainama kidogo kuja upande wangu, akasema kwa sauti ya chini: "Mkawapige tena."

Binamu yangu alisema anatutega. Tulibishana juu ya maneno yale mawili mpaka Tanga, mashamba ya mkonge yakipita dirishani, na tukaendelea Muheza, ambako nyavu za machungwa zimening'inizwa kando ya barabara. Kutoka Segera mpaka Chalinze nililala. Tuliingia mjini usiku, tukapata gesti Kariakoo, chumba kimoja, feni moja.

Kariakoo ndiko lilikofumbuka fumbo la yule ofisa. Makao ya Yanga yako pale Jangwani na Twiga, ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na kutoka huku kwenda kule ni mwendo wa miguu tu. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba 1936. Tangu hapo watu wa mji huu wamegawana mitaa, vijiwe, ndoa na misiba kwa rangi mbili, na wanauita uhusiano huo utani wa jadi. Mtani anaweza kukuzika, lakini furaha yako ya mpira hakupi hata kidogo. Anapokuja mgeni kutoka nje kucheza na Yanga, mtu wa Simba hana kigugumizi: mgeni yule ni wake. Na Simba wakicheza na mgeni, watu wa Yanga hulipa deni vivyo hivyo.

Chini ya gesti yetu palikuwa na kibaraza, na kibarazani mzee mmoja fundi cherehani. Asubuhi ya mechi tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akipinda miguu. Kisha akaiona jezi, akasimamisha cherehani.

"Nyinyi ndio mliotufunga Nakuru."

Kweli. Mwezi uliotangulia, tarehe 10 Juni, tuliifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya Kombe la SportPesa pale uwanja wa Afraha, tukajipatia nafasi ya kwenda Liverpool kucheza na Everton. Mmoja wa waliofunga siku ile alikuwa Meddie Kagere, na kabla wino wa magazeti haujakauka Simba wakamsajili. Nikajiandaa kwa maneno makali. Fundi akanyoosha uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Kagere sasa ni wetu, yale yamekwisha. Leo niko nanyi. Mna skafu ya ziada, wanangu?"

Binamu yangu akamvulia yake. Mzee alijifunga shingoni, kijani na nyeupe juu ya shati la kazi lililojaa vipande vya uzi, akafunga duka. Tukapanda daladala pamoja kuelekea Temeke.

Ukishuka unaanza kuuona uwanja wa zamani, Uhuru, ule watu wa Dar wanaouita Shamba la Bibi, ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Taifa uko jirani yake. Ulifunguliwa mwaka 2007, umejengwa na Wachina, na siku hizi unaitwa Benjamin Mkapa, jina uliopewa mwaka 2020 rais huyo mstaafu alipofariki. Una viti 60,000. Majukwaa yamefunikwa na paa, kwa hiyo sauti ikishatoka kifuani mwa watu haina njia ya kwenda angani. Inagonga juu na kukurudia kichwani. Kasarani upepo hutusaidia kuchukua matusi. Pale hakuna upepo wa namna hiyo.

Tiketi zetu zilikuwa za mzunguko, viti vya bei nafuu, na fundi alituongoza kama mwenye nyumba. Njiani tulikutana na wenzetu waliotoka Nairobi kwa basi kupitia Namanga, sauti zimeshakauka, ngoma mabegani. Nilipogeuka kuangalia kundi letu limefika wangapi nilishtuka. Wakenya tulikuwa wachache. Waliobaki walikuwa watu wa Msimbazi, wengine wamevaa jezi nyekundu za Simba waziwazi, wengine wametafuta kitu chochote cha kijani kisicho na njano: kofia, leso, tawi la mti.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa siku ile, kwa sababu wenyeji wetu nao walikuwa kijani. Vijana wawili wa Yanga walikuja mbio wakakaa katikati yetu kwa kudhani ni kwao. Walipotambua walisimama polepole, wakitutazama mmoja mmoja, na mmoja akasema, "Samahani, wageni," akaondoka na mwenzake. Neno lile "wageni" nililisikia mara nyingi siku ile, na karibu kila mara lilitamkwa kwa heshima. Maneno makali yote yalielekezwa kwa fundi na wenziwe. Sisi tulikuwa tumekuja kucheza. Wao walikuwa wamekuja kusaliti.

Mashabiki sugu wa Yanga wanapoanza "Daima mbele, nyuma mwiko," huanzia mbali, upande mmoja, na unaiona inakuja kabla hujaisikia vizuri: mikono inainuka safu kwa safu kuzunguka uwanja mpaka inakufikia ulipokaa. Niliogopa, nakiri. Ami hakusema uongo. Yanga walipofunga, kiti changu kilitetemeka chini yangu, na sikusikia sauti ya binamu yangu ingawa mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu.

Mechi yenyewe sitaisimulia bao kwa bao. Iliisha 3-2, matatu yetu. Ninachokikumbuka zaidi ni bao letu la kwanza. Uwanja ulinyamaza ghafla, na katika kimya kile nikamsikia fundi akiimba wimbo wetu wa Kijaluo aliofundishwa mlangoni, bila kuelewa hata neno moja, ameshika mkia wa skafu kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo. Nilisahau wasia wa ami. Nilisimama.

Mbele yetu kidogo alikaa mama mmoja wa Yanga, mtu mzima, kanga ya kijani kiunoni na ya njano kichwani. Baada ya bao la tatu aligeuka, na mimi nikajiandaa. Akanyoosha mkono wenye karanga ndani ya karatasi iliyosokotwa. "Kuleni, wanangu. Nyinyi mmetufunga kwa mpira." Halafu akamtazama fundi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Karanga hakumpa.

Sijawahi kupata maelezo bora ya uwanja ule kuliko mkono wa mama yule. Sifa yake ya kutisha imekua tangu wakati huo. Mwaka 2021 Simba waliifunga Al Ahly 1-0 na AS Vita 4-1 hapo hapo, na kaulimbiu yao ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" ikaenea Afrika Mashariki nzima. Hutoka, wakati mwingine: Mei 2023, fainali ya Shirikisho, USM Alger ya Algeria waliondoka na ushindi wa 2-1 mbele ya Yanga. Siku ile pia mtu alipoteza maisha kwenye msongamano wa milangoni, na hilo ndilo pekee la kumtisha mgeni kweli pale. Unayepanga kwenda, nakusihi: fika mapema, ingia kabla lango halijajaa, na kama una mtoto mshike mkono tangu barabarani. Kelele hazijamuua mtu.

Kuhusu watu kama fundi, serikali yao haikupendezwa. Machi 2024, Simba wakiwasubiri Al Ahly na Yanga wakiwasubiri Mamelodi Sundowns, waziri wa michezo alitamka kwamba Mtanzania atakayekuja na jezi ya wageni ataulizwa pasipoti. Naelewa uchungu wa kuona nchi yako ikizomewa na watu wako. Lakini mimi nilikaa upande wa pili wa jambo hilo, nikiwa mgeni Mkenya asiyejua hata daladala ya kurudi, na bila watani hao ningelikaa peke yangu na ngoma mbili na woga.

Tulipofika barabara ya Mandela giza lilikuwa limeshaingia. Umati wa kijani na njano ulitembea kimya, na sisi tukatembea kimya pia. Fundi ndiye aliyetuonya: furaha ya mgeni hufanyiwa chumbani. Kijana mmoja wa jezi ya Yanga, macho mekundu, ndiye aliyesimamisha daladala ya Kariakoo akatupigia ukelele, "Wakenya, hii hapa!" Yeye akabaki chini kusubiri nyingine.

Kibarazani, fundi alifungua duka ili apate mwanga, akaivua skafu. Aliichambua taratibu, akitoa vipande vya uzi vilivyoganda kutoka kwenye shati lake, akaikunja mara nne na kumrudishia binamu yangu. Tukamwambia abaki nayo, mzee wetu, ni zawadi.

"Hapana. Mwezi ujao wanakuja Waalgeria, na wao ni nyekundu na nyeusi." Akazima taa. "Nyekundu ninayo nyumbani."

Tarehe 19 Agosti Yanga iliwafunga USM Alger 2-1. Niliyapata matokeo nikiwa Mombasa, redio mkononi, na nikamwona fundi akiirudia njia ile ya Kariakoo na fulana yake nyekundu, mama wa karanga yuko mahali fulani nyuma yake, anacheka.