Vidole vya Kuku wa Kisutu

Juzi mwanangu alikuwa ananisaidia kuosha miguu ya kuku ya supu, akavuta ule uzi mweupe unaochungulia pale mguu ulipokatwa. Vidole vikajikunja. Akautupa kwenye beseni. "Mama, si amekufa huyu?"

Nikarudi maabara, kidato cha pili. Mwalimu wa baiolojia kaingia na mfuko wa rambo umejaa miguu ya kuku kutoka soko la Kisutu. Alikuwa amewaomba wachinjaji wasiichovye kwenye maji ya kunyonyolea, kwa sababu yakizidi moto kano, yaani zile kamba nyeupe, hulegea, ukizivuta zinakatika. Wanafunzi wanne, mguu mmoja, wembe mmoja.

Tulichana ngozi ya nyuma kama sentimita 3, juujuu tu, maana wembe ukizama unakata kano zenyewe. Zikatokea, nyeupe, zinang'aa, zimelala ndani ya ala yenye utelezi. Koleo likawa halishiki. Mwalimu akatuonyesha kuzungushia ukano kitambaa kikavu kwanza. Kisha akaniambia, "Weka kidole chako hapo katikati, mwenzio avute taratibu. Sentimita 1 inatosha."

Vikanishika. Vya baridi, vina magamba, kucha zinagusa ngozi yangu, na kadiri mwenzangu alivyovuta ndivyo vilivyobana. Sikuondoa kidole.

"Msuli uko wapi?" mwalimu akauliza. Tukaonyesha kwenye vidole, tukaonyesha kwenye unyayo. Hapana. Msuli wa kukunja vidole vile ulibaki Kisutu, kwenye ile minofu iliyo juu ya kifundo. Kwetu zilikuja kamba tu. Kwa dakika ile, msuli alikuwa mwenzangu. Mwalimu akatuambia tujishike mkono chini ya kiwiko, tuchezeshe vidole. Nyama ikacheza hukohuko, mbali na vidole.

Mengine aliyakimbiza ubaoni. Kalsiamu hufungua njia, kisha vichwa vya miosini, protini ya ndani ya msuli, hunasa nyuzi za protini nyingine, aktini, huvuta, huachia, hunasa tena mbele kidogo. Nyuzi hazifupiki, zinapishana. Hayo yalielezwa mwaka 1954 na wanasayansi wawili walioitwa Huxley, wasio ndugu, kila mmoja na mwenzake wa kazi. Na kuachia nako kunataka ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli. Ikiisha, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania, ndiyo maana kuku aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache. Hilo la kuachia bado nalifikiria.

Mwenzangu alipoacha kuvuta, vidole vililegea lakini havikufunguka. Nilivichomoa kimoja kimoja. "Msuli unajua kuvuta tu," mwalimu akasema, "kusukuma haujui. Wa kufungua uko upande wa mbele." Kengele ikalia kabla hatujauchana upande huo.

Mwanangu akauokota mguu kwenye beseni. Akavuta tena, akaachia. Vidole vikabaki nusu.

"Mama, kamba ya kufungulia iko wapi?"

Nikaukausha mguu, nikaugeuza, nikachukua kisu kidogo.