Nimepandisha saizi ya mipira ya pikapu: mshale wa spidi sasa unasema kweli, kilomita ndo zinapotea

Tangu nibadilishe mipira ya pikapu kila anaeniona ananiuliza spidi haijaharibika, na kabla sijajibu anakuja na jibu lake mwenyewe, mmoja anasema dashi (zile mita mbele ya dereva) sasa itasoma juu, mwengine anasema itasoma chini, mwengine anakwambia haina athari yoyote maana injini si ile ile tu. Mie nimepima, tena nimepima kabla ya kubadilisha na baada ya kubadilisha, kwa hivyo naandika nilichokiona. Hili jambo lina pande mbili na watu wanazungumza upande mmoja. Spidi wanaijadili sana, kilomita hakuna anaezitaja, na kwenye kilomita ndo kwenye pesa.

Pikapu yangu ni ya kazi, inabeba mwani kutoka Paje na Jambiani, pwani ya Unguja, kuja mjini, na ukirudi huko unarudi na chochote kilichopo, saruji, mbao, mapipa. Lami haina neno lakini unapoiacha lami kuingia kule wanakoanika mwani ni njia za maweni tupu, jiwe linatokeza katikati ya njia na chini ya gari panagonga. Ndo sababu. Mipira yake ilikuwa 225/75R15, nikapata rimu za 16 na mipira 245/75R16 ya kubebea mizigo.

Sasa hesabu, na si ngumu. Ukisoma ubavuni mwa mpira, 225 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni rimu kwa inchi. Chukua 225 mara 0.75, unapata 168.75, ubavu uko juu na uko chini kwa hivyo mara mbili, 337.5, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, jumla 718.5. Huo ndo mpira wa zamani kutoka chini mpaka juu. Mpya ni 245 mara 0.75 mara mbili, 367.5, ongeza 406.4 za rimu ya 16, karibu 774. Gawa 774 kwa 718.5 inakuja 1.077, yaani mpira umekuwa mkubwa kwa asilimia 7.7. Hiyo 1.077 ishike maana ndo inayofanya kazi yote huko mbele. (Na kwa wanaodhani gari imenyanyuka sentimita tano na nusu, hapana, ekseli iko katikati ya mpira kwa hivyo unapata nusu tu, kama 2.8. Kwa maweni ya Jambiani hata hizo 2.8 ni neema.)

Lakini hesabu ya ubavuni ni ya mpira mpya ambao haujabeba kitu, na mpira ukishabeba gari unabonyea pale chini, tena kiwanda hiki na kile hawatoki sawa hata kama namba ni zile zile. Kwa hivyo tukapima kwa chaki. Ukitaka kufanya hili tia upepo sawasawa kwanza, tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, chora alama ubavuni pale mpira unapogusa chini na alama nyengine hapo hapo sakafuni. Mpwa wangu akasukuma gari taratibu, moja kwa moja bila kukata kona, mpaka alama ya ubavuni ikarudi chini mara tano, tukachora tena sakafuni tukavuta futi kamba. Mita 11.80. Gawa kwa tano, 2.36 kwa mzunguko mmoja. Mipira ya zamani ilitoa 10.95, yaani 2.19 kwa mzunguko. Gawa 2.36 kwa 2.19 unarudi pale pale, karibu 1.077. Mizunguko mitano ni bora kuliko mmoja kwa sababu ukikosea sentimita moja kwenye alama kosa linagawanyika mara tano, na nilifurahi sana chaki na ubavu wa mpira vilipokubaliana.

Kwanini spidi inabadilika basi? Kwa sababu gari haijui mpira, inajua mizunguko. Pikapu yangu ni ya waya, kwenye gia boksi upande wa nyuma kuna gia ndogo ya plastiki inayozungushwa na shafti ya kutokea, hiyo inazungusha waya unaopanda mpaka dashi, na mwisho wa waya kuna sumaku inayozunguka ndani ya kikombe cha alumini bila ya kukigusa. Sumaku inakiburura kikombe, springi nyembamba inakirudisha, na mshale umeshikamana na kikombe. Mjerumani mmoja, Otto Schulze, alisajili ufundi huu mwaka 1902 na mpaka leo bado uko kwenye magari yetu. Magari mapya zaidi hayana waya, yana sensa kwenye gia boksi au yanachukua kwenye sensa za breki za magurudumu, lakini jambo ni lile lile, yanahesabu mizunguko na kuzidisha kwa mpira wa kiwandani. Ukiweka mpira mkubwa kila mzunguko unakwenda mbali zaidi na dashi haina habari. Kwa hivyo anaesema "itasoma chini" ndo mwenye haki, mwendo wa kweli unazidi ule ulioandikwa.

Ila subiri, maana hapa ndo watu wanapopiga hesabu nusu. Wanasema dashi ikisoma 80 basi sasa unakwenda 86. Hiyo ni kweli kama dashi yako ilikuwa inasema 80 ya kweli tangu mwanzo, na dashi nyingi hazisemi hivyo.

Tulipima kwa simu. GPS ya simu haitaki hata bando, inachukua satelaiti moja kwa moja, unachohitaji ni programu ya spidi, mbingu wazi na barabara iliyonyooka isiyo na kilima. Ukiwa chini ya miti mikubwa namba zinaruka ruka, kwa hivyo tulikwenda asubuhi na mapema, barabara haina watu, kipande cha baina ya Kitogani na Paje ambacho kina mahali pamenyooka vizuri. Simu inachelewa kidogo kukufuata ukiongeza au ukipunguza mwendo, kwa hivyo shika mshale pale pale, utulie kama sekunde kumi ndo asome. Na asome mtu mwengine, dereva macho yake mbele, hili silifanyii masihara.

Na mipira ya zamani mpwa alikuwa ananiitia kutoka upande wa pili, "Mjomba, dashi 50, simu 47." Nikapanda 60, "simu 56." Nikapanda 80, "75 mjomba, haipandi."

Na mipira mipya, barabara ile ile: 50 ya dashi simu inasema 51, 60 inasema 60, 80 inasema 81.

Umeona? Mipira mikubwa haikuiharibu spidi yangu, imeitengeneza. Na sababu yake ipo kwenye sheria. Kuna Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa ambayo watengenezaji magari wengi wanaifuata, inasema spidomita isisome kamwe chini ya mwendo wa kweli, juu ruhusa, mpaka asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Maana yake ukiwa unakwenda 80 ya kweli dashi inaruhusiwa kusoma mpaka 92! Sasa kiwanda hakitaki kuingia hatarini, kinauweka mshale juu kidogo makusudi, na ndo maana gari nyingi zikitoka zinasoma zaidi ya mwendo wake. Yangu ilikuwa imezidisha kama asilimia 6 mpaka 7, mipira imeondoa 7.7, tukakutana karibu na kweli.

Lakini usichukue namba zangu ukazitia kwenye gari yako. Kama dashi yako ilikuwa imezidisha asilimia 2 tu, mipira kama hii itakuacha unakwenda zaidi ya unavyoona, na tochi ya trafiki haiangalii dashi yako, inapima gari. Zaidi ya tochi kuna breki. Umbali wa kusimama tangu breki zishike unakwenda kwa mraba wa mwendo, yaani ukidhani uko 80 kumbe uko 86, umbali huo umeongezeka kama asilimia 16, na mpira mkubwa wenyewe unazipa breki kazi zaidi. Weka na magunia ya mwani nyuma. Nikipita msitu wa Jozani, pale kwenye matuta yaliyowekwa kwa sababu kima punju walikuwa wanagongwa na magari, nataka nijue mwendo wangu ni upi hasa, maana yule mnyama yuko Zanzibar tu hakuna pengine duniani na anavuka barabara bila ya kukuuliza.

Haya, sasa upande wa pili, kilomita.

Wengi wanadhani kama mshale uko sawa basi na kilomita ziko sawa. Haziko, na kwenye gari ya waya utaelewa kwanini: mshale unategemea sumaku na springi, kiwanda kinaweza kuulegeza au kuukaza kinavyotaka, lakini kilomita zinahesabiwa na gia tupu, meno kwa meno, hakuna springi wala cha kuzidisha. Kwa hivyo kilomita za kiwandani kwa kawaida zinakuwa karibu na kweli hata kama mshale unazidisha. Na mipira ya zamani, kutoka nyumbani mpaka Paje simu ilihesabu kilomita 45, dashi ikasema 45.2, safi kabisa. Na mipira mipya simu 45, dashi 41.8. Zaidi ya kilomita tatu zimepotea njia moja tu.

Hapo ndo nikaanza kuwaelewa wale wanaolalamika mipira mikubwa inakunywa mafuta. Tuseme gari ilikuwa inakwenda kilomita 450 kwa lita 45, ni 10 kwa lita. Umebadilisha mipira, lita 45 zile zile zinamalizika dashi inasoma 400. Utasema Mungu wangu, 8.9 kwa lita, nimeliwa. Lakini zile 400 zidisha kwa 1.077, ni 431 za kweli, yaani 9.6 kwa lita. Kweli mafuta yameongezeka, mpira mkubwa ni mzito na injini inavuta gia ndefu zaidi, gari inachoka mapema mlimani na utashusha gia pale ambapo zamani ulikuwa hushushi. Ila nusu na zaidi ya ile hasara uliyoiona ni dashi kushindwa kuhesabu. Ukipangia bei ya safari kwa zile 8.9 utamuonea mteja, na ukipanga kwa kilomita za dashi unajionea mwenyewe.

Oili nayo ni vivyo hivyo. Kibandiko kinasema badilisha baada ya 5,000, dashi ikifika 5,000 gari imeshakwenda karibu 5,385. Kwa gari ya mizigo katika joto hili na vumbi la maweni, mie nabadilisha ikifika 4,600 ya dashi. Na ukinunua pikapu ya mtu iliyofungwa mipira mikubwa, soma kwanza kibandiko cha upepo kwenye fremu ya mlango, pale pameandikwa saizi ya kiwandani, halafu uliza mipira hii imekaa muda gani, kwa sababu kilomita unazozisoma si zote.

Mambo mawili ya haraka kabla sijasahau. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili gari ikiwa na mzigo uone kama mpira haugusi matao ya bodi juu yake. Na spea iwe saizi moja na mengine, usije ukapata pancha ukaweka mpira wa zamani upande mmoja wa nyuma ukaendelea na safari, difu (zile gia za ekseli zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jengine) inalazimika kufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na kwa gari ya kuvuta miguu yote minne ni mbaya zaidi.

Kurekebisha inawezekana. Gari ya sensa kuna kiboksi kidogo kinachofungwa baina ya sensa na dashi kinachozidisha hesabu. Gari ya waya unabadilisha ile gia ndogo ya plastiki. Mie nimeamua kuiacha, kwa sababu nikiibadilisha kilomita zitakuwa sawa lakini mshale utarudi kuzidisha kama zamani, na baina ya viwili hivyo nautaka mshale, kilomita naweza kuzizidisha kwa kalkuleta ya simu nikiwa nimekaa. Nitapima tena kwa chaki kashata za mpira (yale matuta yanayoshika barabara) zikifika nusu, maana mpira unaoliwa milimita 8 unapungua 16 kimo kizima, kama asilimia 2, na ile 1.077 haitakuwa 1.077 tena.

Ambae anataka kubadilisha gia, itoe kwanza uhesabu meno kabla hujaenda kuulizia. Mipira mikubwa inataka waya uzunguke haraka zaidi, kwa hivyo unatafuta gia yenye meno machache, tuseme yako ina 28 basi ya 26 inakupa 1.077 hiyo hiyo, na ukiuziwa yenye meno mengi zaidi mshale utazidi kushuka, kwa hivyo hesabu na ile ya dukani hapo hapo kabla ya kutoa pesa.