Bakuli la saba

Wachaga wenzangu mnajua, Desemba ikifika lazima upande mlimani kwetu Kilimanjaro ukahesabiwe, na usipoonekana watu wanaanza kuulizana una shida gani huko uliko. Binti yetu tulimuasili mwaka 2018 akiwa na miaka mitatu, tukamfuata Nanchang, jimbo la Jiangxi huko China, na mi nilikuwa nadhani hii kurudi nyumbani kwa lazima ni ya kwetu tu. Kumbe Wachina nao hivohivo tena kwa mamilioni, mwaka mpya wao ukikaribia treni zinafurika, kila mtu anaacha kazi mjini anarudi kwa wazazi, maana mlo wa mkesha ule familia inatakiwa ile pamoja.

Miaka ya mwanzo nilikosea. Hapa Minnesota nilikuwa nanunua taa nyekundu za karatasi, naagiza chakula mgahawani kinakuja na vile vibiskuti vyenye kikaratasi cha bahati ndani, mtoto anavaa gauni jekundu napiga picha, nimemaliza. Alipofikisha miaka saba akaniuliza, mama, watu wa Nanchang nao wanakula hivi vibiskuti? Nikaenda kusoma, kumbe sio vya China kabisa, ni vya hukuhuku Marekani. Nililia jikoni siku hiyo jamani, maana mtoto aliuliza kitu cha kwao akiwa ananiamini na mi nikawa nampa cha dukani.

Nikamfuata mama mmoja Mchina tunayesali naye, nikamwambia nifundishe kama unavyomfundisha mkwe wako. Yaani huyu mama Mungu ambariki. Akanieleza kwamba jiaozi, zile kama sambusa za kuchemsha, ni chakula cha mkesha kwa watu wa kaskazini zaidi, kusini kama Jiangxi ni watu wa mchele, kuna keki ya mchele inaitwa niangao na jina lake linasikika kama kusema mwaka upande juu. Samaki lazima awe mzima na kichwa chake, na msimmalize, kwa sababu neno la samaki na neno la ziada matamshi ni yale yale, sasa ukimmaliza umemaliza ziada yako. Pilipili za Jiangxi ni kali hatari, mume wangu ndo kapenda hapo. Mwaka ule wa kwanza nilichomeka vijiti vya kulia vimesimama katikati ya wali, yule mama akavichomoa haraka akavilaza pembeni, akaniambia taratibu hivyo vinafanana na vijiti vya ubani vya msibani.

Alafu Septemba 2024 China ikatangaza imefunga kuasilisha watoto nje ya nchi, isipokuwa kwa ndugu wa damu. Tangu 1992 walikuwa wametoka watoto zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao wasichana, karibu nusu wakaja Marekani. Binti alitusikia tunaongea. Usiku akaja chumbani kwetu akauliza, mama aliyenizaa mkesha ule anakula na nani? Faili lake lina mahali alipookotwa na tarehe, jina la mama halimo, hata siku ya kuzaliwa walikadiria. Sikuwa na jibu nikamshika tu mpaka akalala.

Mwaka 2026 mkesha uliangukia Jumatatu tarehe 16 Februari, shule zimefungwa, tukaamua kula saa sita mchana ili bibi yake Rombo, kule saa tatu usiku, awe nasi kwa vidio. Tulikuwa sita, sisi wanne na yule mama na mzee wake. Binti akapanga meza mwenyewe, nikahesabu mabakuli saba. Nikanyamaza. Yule mama wa Kichina akaona, akachukua vijiti akavilaza vizuri pembeni ya lile bakuli, akasema hata kwao wapo wanaomwekea hivyo mtu aliye mbali.

Bibi naye kule kwenye simu macho bado makali. Akauliza, mjukuu wangu, hilo bakuli lisilo na mtu ni la nani?

"La mama yangu wa China, bibi."

Bibi akakaa kimya kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Haya. Basi mwekee na nyama, samaki peke yake hatashiba."