Maumivu ya ngazini

Kwa miezi minne nilimeza dawa za vidonda vya tumbo. Zahanati niliyokwenda waliniambia ni asidi, nami nikakubali, kwa kuwa palikuwa panawaka pale chembe ya moyo. Lakini moto ule haukuja nikiwa nimekaa, hata nikila pilipili. Ulikuja nikipanda ngazi na kapu la sokoni; nikisimama dakika mbili tatu, unazimika. Mama Neema ndiye aliyeuliza: "Baba Neema, tumbo gani hilo linalojua ngazi?"

Tukaenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Baada ya vipimo vya awali, daktari akasema mishipa ya moyo iangaliwe kwa ndani.

Nilidhani nitapasuliwa kifua. Kumbe walichoma ganzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale panapopimwa mapigo, wakapitisha mrija mwembamba hadi moyoni, nami niko macho. Walipoingiza dawa ya rangi, mishipa ikajitokeza kwenye skrini kama mizizi ya mkoko. Ule unaoshuka mbele ya moyo ulikuwa umebanwa katikati, umebaki uzi.

"Mzee, nikijaza kiputo hiki kilicho kwenye mrija, ili kuupanua mshipa, utasikia kifua kinabana. Niambie tu," akasema daktari.

Moto wa ngazini ukanijia nimelala chali, bila kapu, bila ngazi. Kiputo kikijaa huziba njia ya damu kwa muda mfupi, na moyo hulia njaa ileile. Nikasema, "Ndiyo haya haya, daktari." Akakilegeza, maumivu yakaondoka. Sijawahi kupata jibu la wazi kama lile.

Mgonjwa wa kwanza kuzibuliwa hivi na daktari Andreas Grüntzig, kule Zürich, Uswisi, Septemba 1977, aliwekewa kiputo peke yake. Kwa wengi waliofuata mshipa ulijibana tena. Mimi niliachiwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia usirudi.

Chuma hicho kikiwa kipya, damu hupenda kugandia juu yake mpaka ngozi ya ndani ya mshipa ikifunike. Kuizuia isigande ndiyo kazi ya vidonge vya aspirini na klopidogreli. Juzi mwenzangu tuliyelazwa naye wodi moja alinipigia: ameacha vidonge hivyo katika mwezi wa tatu tu wa kuvitumia, kwa sababu anajisikia mzima. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Ameniahidi kwenda kliniki kesho. Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, twende wote.