Nyumba ya Chake Chake, mchoraji India, mteja Muscat

Nachora ramani za nyumba hapa Chake Chake. Kuzungumza na mwenye nyumba na kupima kiwanja hakunichoshi. Kinachonichosha ni zile karatasi za baadaye: ramani ya sakafu, sura za pande nne, mkato (nyumba ikioneshwa kama imepasuliwa katikati), msingi, paa, jedwali la milango na madirisha. Hizo nimeamua kumpa mchoraji aliyeko India, namlipa kwa seti. Kuibuni nyumba yenyewe kumebaki kwangu.

Nyumba niliyojaribia ni ya mama mmoja mtu mzima; anayelipa ni mwanawe aliyeko Muscat. Nikaijenga kwanza kwenye SketchUp, programu ya kompyuta ya kuchora majengo yaonekane pande zote, kuta, paa na upenu wake, nikaiweka mahali pake halisi duniani ili kivuli cha jua kitoke sawa. Hapo ndipo programu hii inapolipa. Watu hudhani kwetu jua la mchana liko utosini mwaka mzima. Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 juu ya upeo, na Disemba huhamia kusini. Pande hizo mbili upenu wa kawaida unatosha. Magharibi ndiko kwenye balaa. Nilipoweka saa kumi alasiri, jua likapita chini ya upenu na kupiga ukuta wa nyuma wa baraza, saa ileile watu wanapotoka kusali wakatafuta pa kukaa. Nikaongeza upenu futi mbili, jua likaingia vilevile. Baraza ikahamia mashariki.

Kisha nikampelekea Bi Mkubwa kompyuta nyumbani kwake. Ramani ya karatasi angeitikia tu kwa heshima. Nikamsimamisha, kwenye kioo cha kompyuta, mlangoni pa mbele. Akatazama, akaniuliza: "Mwanangu, mgeni akipiga hodi ananiona mpaka jikoni?" Kweli, mlango wa mbele, wa ukumbi na wa uwani ilikuwa mstari mmoja. Tukausogeza wa uwani palepale, naye akiwa bado ameinama kwenye kioo. Akataka pia jiko la nje libaki na nafasi ya kukaa chini na mbuzi ya kukunia nazi, si meza za kusimama peke yake.

Mwanawe yeye alitaka lile paa la kuficha nyuma ya ukuta, la kisasa. Sikubishana naye kwenye simu. Nikampelekea mkato unaoonesha mfereji wa ndani ambao maji yote ya paa yatapitia, na nikamkumbusha masika ya Pemba na majani ya mwembe ulio kiwanjani. Akarudi kwenye paa la migongo minne. Binafsi naona paa la kuficha ni zuri kwa picha.

Mchoraji wa India ni hodari, na wako mbele yetu saa mbili na nusu, kwa hiyo ninayotuma usiku huanza kufanyiwa kazi kabla sijanywa chai. Lakini hajui yetu, na hana sababu ya kuyajua asipoambiwa. Kwa hiyo modeli huenda na karatasi ya maelezo. La kwanza ndani yake: kibla kwetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja, hivyo anayekaa chooni aelekee mashariki au magharibi, asielekee kaskazini wala kuipa mgongo. La pili: vipimo viandikwe kwa milimita na kwa futi pamoja, maana fundi wangu anafikiri kwa futi. Chumba cha futi 12 ni milimita 3,658. Mchoraji akikikata kuwa 3,600 ili kipendeze, zimeondoka zaidi ya inchi mbili, na kabati lililokwisha kununuliwa halitajua habari hiyo. La tatu: tofali la kuta ni la inchi sita, na plasta ihesabiwe.

Michoro ikirudi naikagua kwa kalamu. Najumlisha vyumba na kuta nione kama vinafika urefu wa nje, naangalia kila mlango unafungukia wapi, na kama dirisha la kwenye sura ndilo la kwenye ramani. Nondo na msingi hupitiwa na mhandisi wa hapahapa, ambaye anaweza kwenda kuukanyaga udongo wenyewe. Ndipo karatasi zinakwenda kuombewa kibali.

Fundi mkuu nilimwonesha ile modeli akacheka, akasema yeye apewe karatasi kubwa zenye namba zinazosomeka juani. Nikamchapia A3.

Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, limeshamwagwa. Juzi mteja wa Muscat ameuliza kama juu panaweza kuongezwa ghorofa. Nimemjibu kwamba hilo ni la mhandisi, na lilikuwa la kuulizwa kabla ya msingi.