Mguu wa Dan Evans

Jioni mbili mfululizo nimetazama hadithi moja katika filamu mbili: 3:10 to Yuma ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Delmer Daves, na ile iliyotengenezwa upya na James Mangold mwaka 2007. Jina hilo ni saa ya treni, yaani saa tisa na dakika kumi alasiri, ambayo inatakiwa kumpeleka jambazi Ben Wade katika gereza la Yuma huko Arizona. Dan Evans, mfugaji aliyebanwa na ukame na ukata, anakubali kumsindikiza hadi stesheni ya mji wa Contention kwa ujira wa dola 200. Hadithi fupi ya Elmore Leonard ya mwaka 1953, ambayo ndiyo chimbuko la yote haya, haina mfugaji huyo hata kidogo. Anayemsindikiza mfungwa ni askari anayetekeleza wajibu wake. Kumweka mtu asiyelazimika mahali pa mtu anayelazimika ndiko kulikozaa swali ambalo filamu zote mbili zinahangaika nalo: kwa nini haachi akaenda zake?

Filamu ya 1957, isiyo na rangi na yenye dakika 92 tu, inajibu swali hilo ndani ya chumba cha hoteli. Glenn Ford, akiwa Wade, amejilaza kitandani na pingu zake, anazungumza kwa upole wa mtu asiye na haraka, huku akipandisha dau kila baada ya muda. Van Heflin, akiwa Dan, anamkalia na bunduki huku jasho likimtoka, na unaona jinsi kila kiasi kinavyomwingia. Huo ni mgogoro wa kishawishi. Mlevi wa mji, Alex Potter, anaponyongwa na genge la Wade, tajiri aliyemwajiri Dan anamruhusu aondoke na malipo yake, lakini Dan anakataa, kwa sababu mtu mnyonge kuliko yeye amekwisha kutoa uhai. Jibu hilo ni safi, labda safi mno kwa ladha yangu.

Mangold aliongeza mambo mawili, nayo yakaugeuza mgogoro wote: mguu na mtoto. Dan wa Christian Bale amerudi kutoka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani akiwa amepoteza mguu, na mwanawe mkubwa, William, mwenye umri wa miaka 14, hamheshimu. Kijana huyo anamtazama Wade wa Russell Crowe, mwenye bastola iitwayo Mkono wa Mungu na maneno ya Mithali mdomoni, kwa macho ambayo baba yake hajawahi kutazamwa nayo. Wade analiona hilo mapema, pale mezani nyumbani kwa Dan, nako ndiko anakoanza kuchokonoa, maana yeye ni mtu wa kusoma watu: anachora picha ya ndege, ya mwanamke, na baadaye ya Dan mwenyewe kwenye ukurasa wa Biblia. (Katika mlo huohuo anaiba uma, na usiku akiwa kambini anamwua nao mmoja wa wasindikizaji wake. Crowe anaiigiza hali hii ya ukarimu na mauaji kukaa mwili mmoja bila kuonyesha mshono.)

Tukio ninalolithamini kuliko yote liko karibu na mwisho, wakati wawili hao wanakimbia kuelekea stesheni chini ya mvua ya risasi. Wade anachoka na mchezo, anamkaba Dan shingo, na kilichobaki ni kummaliza. Hapo Dan, akitafuta pumzi, anatoa siri yake: hajawahi kuwa shujaa, vita pekee aliyoiona walikuwa wakirudi nyuma, na mguu wake ulipigwa na mmoja wa askari wa upande wake. Anamwambia Wade ajaribu kumsimulia mtoto wake kisa hicho, aone atakavyotazamwa. Wade analegeza mikono. Kuanzia hapo wanakimbia pamoja, na mfungwa anasaidia kujipeleka gerezani.

Najua wapo wanaoona badiliko hilo halina mashiko, nami nilikuwa mmoja wao kwa muda. Lakini Wade, kabla ya hapo, alimsimulia Dan kwamba alipokuwa na umri wa miaka minane mama yake alimkabidhi Biblia kwenye stesheni, akamwambia asome wakati anakwenda kukata tiketi, naye akaisoma yote kwa siku tatu, na mama hakurudi. Mtoto aliyeachwa stesheni anakutana na baba aliye tayari kufa akielekea stesheni ili mwanawe amwone. Kwangu hilo linatosha. Lisilonitulia ni Charlie Prince, msaidizi wa Wade, ambaye Ben Foster anamwigiza kama mtu anayempenda bosi wake kupita kiasi. Huyu amevuka nchi nzima kumkomboa, anampiga Dan risasi, anamrudishia Wade bastola yake, kisha Wade anamwua kwa bastola hiyohiyo. Uaminifu wake haukupungua kwa lolote ukilinganisha na wa Dan. Ulikosea tu wa kuufanyia.

Dan anapokata roho, William ameinama juu yake, anamwambia kwamba amefanikiwa, amempandisha mtu yule kwenye treni. Ni sentensi ileile ambayo baba alikuwa akiitafuta tangu mwanzo. Wade, aliyewahi kutoroka Yuma mara mbili, anapanda mwenyewe na kukabidhi silaha yake. Treni inapoanza kuondoka anapiga mluzi, na farasi wake anainua masikio, kisha anaifuata.